Somo la Nne: Kabla Fundi Hajaanza Kukwangua Rangi

Somo hili linamhusu kila mtu anayeishi nchini Marekani katika nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978, awe anaimiliki au ameipanga. Tumeliandika kwa Kiswahili kwa sababu familia nyingi zinazozungumza lugha hii, hasa zile zilizotoka Kongo na kupitia kambi za wakimbizi za Tanzania, Kenya na Uganda, huanza maisha yao hapa katika nyumba kuukuu za kupanga. Nyumba za namna hiyo huhitaji matengenezo mara kwa mara: dirisha limegoma kufunga, rangi ya ukuta inabambuka, fremu ya mlango imeoza. Siku moja fundi hubisha hodi na vifaa vyake, na watu wa nyumbani hufurahi kwamba hatimaye kero imepata mwenyewe.

Furaha hiyo ni ya haki, lakini siku hiyo hiyo yaweza kuwa siku ya hatari. Baada ya kulisoma somo hili, utaweza kutambua kazi inayobanwa na kanuni za rangi ya risasi, kumuuliza fundi maswali yanayofaa kabla hajaanza, na kuikagua kazi yake kabla watoto hawajarudi chumbani.

Risasi ilifikaje ukutani?

Neno risasi huwafanya wengi wafikirie bunduki. Katika somo hili tunazungumzia metali yenyewe, ile nzito na laini ambayo mafundi wa zamani waliifanya kuwa uzito wa timazi, na ambayo ndiyo iliyoipa risasi ya bunduki jina lake. Kwa miaka mingi viwanda vya rangi viliichanganya metali hii katika rangi za nyumba, kwa kuwa ilizifanya zikauke upesi, zing'ae na zistahimili mvua na jua. Rangi yenye risasi ilihesabiwa kuwa rangi bora, na kwa hiyo ilipakwa mahali palipoguswa sana: madirisha, milango, ngazi, vizingiti na baraza.

Mwaka 1978 Serikali ya Marekani iliipiga marufuku rangi hiyo kwa matumizi ya nyumbani. Marufuku ilizuia rangi mpya. Haikuiondoa ile iliyokwisha kupakwa. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, linalojulikana kwa herufi EPA, linakadiria kwamba katika kila nyumba 100 zilizojengwa kabla ya mwaka 1940, nyumba 87 zina rangi ya risasi mahali fulani. Kwa nyumba zilizojengwa kati ya 1940 na 1959 idadi hiyo ni 69, na kwa zile za kati ya 1960 na 1977 ni 24. Mara nyingi rangi hiyo imefunikwa na tabaka kadhaa za rangi mpya, hivyo jicho haliwezi kuitambua.

Hatari huanza rangi inapovurugwa

Rangi ya risasi iliyo nzima, isiyobambuka wala kusuguliwa, haina madhara makubwa. Hatari huanza pale inapokwanguliwa, inapopigwa msasa, inapotobolewa au inapobomolewa. Hapo huzaliwa vumbi laini kuliko unga, ambalo hutua sakafuni, juu ya kizingiti cha dirisha, kwenye vitu vya kuchezea na katika zulia. Kiasi kidogo sana cha vumbi hilo chatosha kumdhuru mtoto.

Watoto walio chini ya umri wa miaka sita ndio walio hatarini zaidi. Hutambaa na kucheza sakafuni, kisha hutia mikono na vitu mdomoni. Tena, miili yao hufyonza risasi nyingi kuliko miili ya watu wazima. Risasi huathiri ubongo unaokua. Hupunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza na kutulia, na yaweza kudhoofisha usikivu na ukuaji wake. Kwa mama mjamzito, risasi hupita katika damu yake na kumfikia mtoto aliye tumboni. Wataalamu wa afya hawajapata kiwango chochote cha risasi katika damu ya mtoto kinachoweza kuitwa salama.

Madhara haya huja kimyakimya. Mtoto aliyeathirika mara nyingi hana homa, hakohoi wala hana upele, bali huonekana mzima. Kipimo cha damu pekee ndicho kinachoweza kueleza ukweli. Tangu mwaka 2021, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, CDC, imekitaja kiwango cha mikrogramu 3.5 kwa kila desilita ya damu kuwa alama ya kuonyesha kwamba mtoto ana risasi nyingi kuliko watoto wengi wenzake na anahitaji kufuatiliwa.

Jambo hili limekwisha kuzigusa familia za wakimbizi kutoka Afrika. Mwaka 2000, katika jimbo la New Hampshire, mtoto wa kike mwenye umri wa miaka miwili, wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan, alifariki kwa sumu ya risasi wiki chache tu baada ya kuwasili. Wachunguzi walikuta rangi ya risasi iliyobambuka katika nyumba waliyopanga. Miaka michache baadaye, katika jimbo hilohilo, watoto kadhaa wakimbizi kutoka Afrika waliokuwa na kiwango kidogo cha risasi walipopimwa mara ya kwanza, walikutwa na kiwango cha juu walipopimwa tena baada ya miezi kadhaa. Hawakuja nayo, waliipata hapa, katika makazi mapya. Ndiyo maana CDC inashauri watoto wakimbizi wapimwe mara tu wanapowasili, na wale wadogo wapimwe tena miezi mitatu hadi sita baadaye.

Kanuni inasema nini?

Tangu tarehe 22 Aprili 2010, mtu yeyote anayelipwa kufanya ukarabati, matengenezo au kazi ya rangi katika nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 amewajibika kufuata kanuni maalumu ya EPA. Majimbo kadhaa huisimamia kanuni hii yenyewe badala ya EPA, na baadhi yao yana masharti makali zaidi. Masharti ya msingi ni haya:

1. Kampuni inayofanya kazi lazima iwe na cheti, hata kama ni kampuni ya mtu mmoja. Cheti cha kampuni hudumu miaka mitano.

2. Kila kazi lazima isimamiwe na fundi aliyehitimu mafunzo ya ukarabati salama na kupata cheti chake mwenyewe. Cheti cha kampuni hakichukui nafasi ya cheti cha fundi, wala cha fundi hakichukui nafasi ya cha kampuni.

3. Kabla ya kuanza, kampuni lazima iwape wenye nyumba na wapangaji kijitabu cha EPA kiitwacho Renovate Right, kinachoeleza hatari na haki zao.

4. Kazi yenyewe, usafishaji na ukaguzi wa mwisho lazima vifuate utaratibu uliowekwa, na kumbukumbu zake zitunzwe kwa miaka mitatu.

Kanuni hii humbana pia mwenye nyumba anayepangisha. Akijifanyia matengenezo mwenyewe katika nyumba ya wapangaji, au akimtuma mfanyakazi wake, atahesabiwa kuwa analipwa kwa kazi hiyo kupitia kodi, na kwa hiyo anapaswa kuwa na vyeti hivyo. Mtu anayekarabati nyumba anayoishi mwenyewe kwa mikono yake habanwi na kanuni. Hata hivyo, vumbi halitofautishi nani kalitimua, na tunamshauri afuate utaratibu uleule.

Kazi ipi inabanwa, ipi haibanwi?

Si kila tundu la msumari linalohitaji cheti. Kazi ndogo isiyovuruga zaidi ya futi sita za mraba za rangi katika chumba kimoja cha ndani, au futi 20 za mraba upande wa nje, haibanwi. Msamaha huo una mipaka mitatu. Kubadilisha dirisha hakuhesabiwi kamwe kuwa kazi ndogo, wala kubomoa sehemu iliyopakwa rangi. Njia zilizokatazwa, ambazo tutazitaja hapa chini, haziruhusiwi. Tena, kazi zilizofanywa katika chumba kimoja ndani ya siku 30 hujumlishwa na kuhesabiwa kuwa kazi moja.

Tuchukue mfano. Fundi anakwangua rangi iliyobambuka chini ya dirisha la sebule, eneo la futi mbili kwa futi mbili na nusu. Hizo ni futi tano za mraba, na kazi yake haibanwi. Baada ya wiki mbili anarudi na kukwangua futi nyingine tatu za mraba karibu na mlango wa sebule hiyohiyo. Akisema, "Hizi ni futi tatu tu," hajasema yote. Tano na tatu ni nane, siku 30 hazijapita, na chumba ni kilekile. Kazi hiyo inabanwa na kanuni. Ikiwa anabadilisha dirisha lenyewe, hakuna haja ya kupima: inabanwa tangu mwanzo.

Njia nyingine ya kutoka katika kanuni ni upimaji. Ikiwa mkaguzi mwenye cheti, au fundi mwenye cheti anayetumia kipimo kinachotambuliwa na EPA, atathibitisha kwamba sehemu zitakazoguswa hazina rangi ya risasi, kazi yaweza kuendelea kwa njia ya kawaida. Matokeo ya kipimo yaandikwe nawe upewe nakala. Pasipokuwa na kipimo, nyumba ya kabla ya 1978 huchukuliwa kuwa ina risasi. Kauli ya fundi kwamba "hii naijua kwa macho" si kipimo.

Kabla ya kazi: maswali manne

Yaulize maswali haya mapema, kabla ya kutia sahihi au kutoa malipo ya kwanza. Kama Kiingereza kinakutatiza, mwombe mtu mzima unayemwamini akutafsirie. Usimtwike mtoto mzigo huo, kwa maana ni mazungumzo ya sheria na fedha.

"Naomba kuona cheti cha kampuni na cheti cha fundi atakayesimamia kazi." Angalia jina na tarehe ya mwisho. Kampuni zilizosajiliwa huweza kutumia nembo yenye maneno Lead-Safe Certified Firm, lakini nembo iliyochorwa kwenye gari haitoshi. Dai cheti chenyewe.

"Fundi atakayekuja ni wenu, au mmemkodi?" Swali hili lina sababu. Mwaka 2020 kampuni moja kubwa ya maduka ya vifaa vya ujenzi nchini Marekani ilikubali kulipa dola milioni 20.75 ili kumaliza madai ya Serikali kwamba, pamoja na makosa mengine, ilipeleka katika nyumba za wateja mafundi wa kukodi wasio na vyeti. Jina kubwa la duka halimpi cheti fundi anayeingia sebuleni kwako.

"Mtaizuiaje rangi isitawanyike, na mtasafishaje?" Fundi aliyefunzwa hujibu swali hili bila kubabaika.

"Je, usafi huu umo katika bei?" Plastiki, mashine maalumu na muda wa kusafisha huongeza gharama. Zabuni iliyo chini sana kuliko nyingine huenda imeviacha vitu hivyo nje. Wahenga walisema rahisi ghali, na hapa ughali waweza kulipwa na mtoto.

Wakati wa kazi: kuisoma kazi kwa macho

Hakuna mkaguzi wa Serikali atakayesimama mlangoni kwako siku nzima. Wewe ndiwe utakayeona. Huna haja ya kuingia katika eneo la kazi. Na kwa kweli hupaswi. Simama nje yake na utazame mambo haya.

Tangazo la onyo limebandikwa ili watu wasiingie. Samani, mazulia na vitu vya kuchezea vimeondolewa chumbani au vimefunikwa kabisa. Matundu ya mfumo wa joto na ubaridi yamezibwa kwa plastiki na utepe. Madirisha yamefungwa, na milango imefungwa na kuzibwa kwa plastiki. Sakafu imefunikwa kwa plastiki inayoenea angalau futi sita kutoka pale kazi inapofanyika. Kwa kazi ya nje, plastiki huenea ardhini angalau futi kumi, na madirisha na milango iliyo ndani ya futi 20 hufungwa.

Njia tatu zimekatazwa kabisa: kuchoma rangi kwa moto wa wazi, kutumia mashine ya hewa ya moto inayozidi nyuzi 1,100 za Fahrenheit, na kutumia mashine za msasa, za kusaga au za kurusha mchanga ambazo hazina kifuniko na kifyonzavumbi chenye chujio la HEPA. Chujio hilo hunasa chembechembe ambazo kifyonzavumbi cha kawaida huzipuliza tena hewani. Ukiona wingu la vumbi linazunguka chumbani huku mashine ikinguruma, huna haja ya utaalamu wowote kujua kwamba kuna jambo lisilo sawa.

Watoto na mama mjamzito wakae mbali mpaka ukaguzi wa mwisho umalizike. Kama chumba kinachokarabatiwa ni jiko au bafu pekee la nyumba, zungumza na fundi au mwenye nyumba mapema kuhusu mahali pa kukaa kwa siku hizo.

Baada ya kazi: kitambaa cheupe

Kufagia kwa ufagio mkavu hutimua vumbi bila kuliondoa. Fundi anapaswa kuokota vipande vyote vya rangi, kuinyunyizia plastiki maji kidogo, kuikunja uchafu ukiwa ndani, na kuifunga. Kisha husafisha kuta kuanzia juu kwenda chini, hufyonza vumbi kwa mashine ya HEPA, na mwisho hupiga deki sakafu kwa maji.

Baada ya hapo huja hatua inayorukwa mara nyingi kuliko zote, nayo ni ukaguzi wa usafi. Fundi mwenye cheti hutazama kwanza kama kuna vumbi au mabaki yanayoonekana. Kisha huchukua kitambaa cheupe chenye unyevu, hupangusa vizingiti vya madirisha, meza za kujengea na sakafu, na kukilinganisha kitambaa hicho na kadi maalumu ya rangi. Kitambaa kikiwa cheusi kuliko kadi, eneo husafishwa upya na kupanguswa tena. Omba uwepo hatua hii inapofanywa, ukiwa nje ya eneo la kazi. Pia, pamoja na ankara ya mwisho, au ndani ya siku 30 baada ya kazi kumalizika, lolote litakalotangulia, kampuni inapaswa kukupa maandishi yanayoonyesha jinsi ilivyofuata kanuni. Yahifadhi pamoja na mkataba wako wa kupanga.

Kama mambo hayaendi sawa

Anza kwa kuzungumza. Waweza kumwambia fundi kwa heshima: "Fundi, naomba usimamishe kazi kwanza. Nyumba hii ni ya kabla ya 1978, na sijaona plastiki wala cheti." Ukiwa mpangaji, mwandikie pia mwenye nyumba ujumbe wenye tarehe, na upige picha ukiwa nje ya eneo la kazi.

Wasipobadilika, piga simu Kituo cha Taifa cha Habari za Risasi, nambari 1-800-424-5323. Watakueleza ofisi inayosimamia kanuni hii katika jimbo lako na jinsi ya kupeleka malalamiko. Kupitia nambari hiyo, au tovuti ya EPA, waweza pia kutafuta kampuni zenye vyeti zilizo karibu nawe.

Kama vumbi limekwisha kutawanyika, waondoe watoto chumbani, waoshe mikono na nyuso, osha vitu vyao vya kuchezea, wala usifagie. Kisha mwombe daktari wa mtoto kipimo cha damu cha risasi. Usingoje dalili.

Jipime

1. Mwenye nyumba anamtuma mwanawe, asiye na cheti, aje kubadilisha dirisha la chumba cha watoto katika nyumba ya mwaka 1925. Dirisha lina ukubwa wa futi tano za mraba. Je, kazi hiyo inaruhusiwa?

2. Fundi anasema: "Juzi nilipaka rangi mpya juu yake, kwa hiyo risasi haipo tena." Utamjibu nini?

3. Kazi imekwisha, na chumba kinang'aa. Fundi anaanza kufungasha vifaa vyake. Utauliza nini kabla hajaondoka?

Majibu. La kwanza: hairuhusiwi, kwa sababu kubadilisha dirisha si kazi ndogo hata liwe na ukubwa gani, na kazi ya mwenye nyumba anayepangisha inabanwa na kanuni. La pili: rangi mpya hufunika ile ya zamani, haiiondoi, ukuta ukikwanguliwa, zote mbili hutoka pamoja. La tatu: utamuuliza kitambaa cheupe kilikuwa na rangi gani kilipowekwa kando ya kadi, na lini utapata maandishi yake.